Vuta Karibu

Kituoni waliitazama picha, wakaitazama tena,
afande akaniuliza: Mama Ndekirwa, huyu ni mtu au gunia?
Kofia ilikuwepo. Bega lilikuwepo.
Mtungi wangu wa gesi wa kilo sita ulikuwepo, ukiondoka.
Uso ndio uliokuwa uji.

Alhamisi nikamwita fundi Kanankira,
akapanda ngazi, akaishusha ile ya mlangoni,
ndani yake wakatoka buibui watatu na mayai yao.
Miaka sita nimelindwa na buibui.
Akacheka: usiku taa yake huwaita wadudu, mama,
na wadudu ndio wanaowaita hawa.

Akapanga maboksi kwenye kaunta, kati ya viberiti na mikate.
Hii lenzi yake haisogei,
utaona duka zima na hutaona mtu.
Hii ina mota ndani, mbili nukta nane hadi kumi na mbili,
unakaa kitini, unabonyeza simu,
inavuta yenyewe, inajitafutia fokasi yenyewe.

Nikauliza yanayoulizwa na mwenye duka la futi kumi:
nyaya za zamani zitafaa? Umeme ukikatika je?
Vumbi la Pasua? Masika ikipiga kwa ubavu?
Na kwa nini laki mbili na themanini
wakati shemeji alininunulia Kariakoo kwa elfu sitini?
Ile ya elfu sitini, akasema, ndiyo iliyokuonyesha gunia.

Tukaijaribu.
Fundi yeyote wa Moshi ukimpa lenzi
kwanza huielekeza mlimani.
Mlima ulikuwa umejifunika hadi kidevuni,
haukutaka kujulikana na mtu.
Akaishusha: bango la kinyozi ng'ambo ya barabara,
nikasoma bei ya kunyoa ndevu. Akavuta.
Namba ya bodaboda ya Elirehema. Akavuta.
Kidole cha mtoto ndani ya mfuko wa bisi.
Mota ikilia kidogo, kama mbu anayewaza.
Nakiri, niliipenda.

Halafu akaigeuzia ndani.
Tuone, akasema, kama itasoma namba ya noti.
Akavuta: kaunta. Akavuta: mizani yangu,
ile ya bluu niliyoachiwa na mama mkwe,
sahani tupu,
na mshale umesimama
upana wa punje ya mchele kulia kwa sifuri.

Hakusema kitu. Ni kijana aliyelelewa.
Fokasi ikahangaika, ikatulia,
ikauleta mshale kwenye kioo, mnene kama rula.
Nikasema, kamera zenu zinapindisha.
Akasema, labda, mama.

Nikahesabu bila kutaka:
robo za sukari, nusu za mchele,
bibi Anasia na sarafu zake kwenye fundo la kanga,
punje, na punje, na miaka.
Nilijua? Kuna mwaka nilijua.
Kisha nikazoea.

Nikachukua mbili, ya tatu ingenishinda.
Akiwa juu ya ngazi, skrubu mdomoni,
akauliza kwa pua: hii ya pili ielekee wapi?
Mlangoni, nikasema. Zote mbili, mlangoni.
Akafunga, akapokea hela, akazihesabu mbele yangu
polepole kuliko ilivyohitajika,
akaenda zake.

Usiku, shata imeshuka,
nikashika tochi ya simu kwa meno,
nikaifungua mizani, nikapuliza unga wa siku nyingi,
nikaizungusha ile skrubu ya chini kwa ncha ya kisu
mpaka mshale ukarudi nyumbani.
Ukapitiliza kidogo, upande wa mteja.
Nikauacha hapo.